Tazama Uso, Usitazame Kitambaa: Kwa Nini Rangi Moja Hukukubali na Nyingine Hukukataa

Mwaka 1824 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, mahali palipofumwa mazulia ya kutundikwa ukutani. Alikuta malalamiko yakimsubiri, na moja lilihusu nyuzi nyeusi: weusi wake, ilisemwa, ulikuwa hafifu, haukukolea. Chevreul alizilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine akaona hazina kasoro yoyote. Rangi ilikuwa nzima. Kasoro ilizaliwa pale nyuzi hizo zilipofumwa kando ya bluu na zambarau, kwa sababu jicho haliioni rangi ikiwa peke yake. Huiona kwa kuipima na jirani yake. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu jambo hilo, na humo akayagusa hata mavazi: rangi gani imfae mwenye nywele nyeusi, na ipi imfae mwenye nywele za manjano.

Ondoa uzi mweusi, weka uso wako mahali pake, na umepata kiini cha kile kinachoitwa leo uchambuzi wa rangi binafsi. Ndiyo sababu siku moja watu wawili watatu watakuuliza kama unaumwa, na siku ya pili yake, ukiwa umelala saa zile zile, watakuambia umependeza. Uso ni ule ule. Jirani ndiye aliyebadilika.

Wengi wakisikia habari hizi hukimbilia swali moja tu: "Mimi ni wa rangi joto au rangi baridi?" Swali hilo lina nafasi yake, na nitalifikia. Lakini nimekuja kuamini kwamba ndilo linalowapotezea watu muda mwingi kuliko yote, huku maswali mawili yenye uzito zaidi yakiachwa bila kuulizwa.

Mambo mawili yanayotokea kidevuni

Unapovaa shati la rangi kali, mambo mawili hutokea kwa pamoja, na mara nyingi yanapingana.

La kwanza hutokea ndani ya jicho la anayekutazama. Kila rangi humsukuma jirani yake aelekee upande ulio kinyume nayo. Kijani kikali huufanya uso uonekane una wekundu zaidi. Nyekundu kali huusukuma uso uelekee ukijani. Nguo nyeusi huifanya ngozi ionekane nyeupe zaidi kuliko ilivyo, na nguo nyeupe huifanya ionekane nyeusi zaidi. Hapa hakuna kilichogusa ngozi yako. Yote ni hesabu ya jicho.

La pili hutokea kwenye ngozi yenyewe. Kitambaa kikipigwa na mwanga hurudisha sehemu ya mwanga huo ukiwa umebeba rangi yake, na wa kwanza kuupokea ni shingo, upande wa chini wa kidevu na sehemu ya chini ya mashavu. Wapiga picha wanalijua vizuri jambo hili. Humshikia mtu bapa jeupe chini ya uso ili kupunguza vivuli, au bapa la dhahabu ili kumwongezea joto. Shati lako ni bapa la namna hiyo hiyo, tofauti yake ni kwamba unatembea nalo kutwa nzima.

Sasa fikiri kuhusu shati jekundu. Linamwaga wekundu chini ya kidevu, na papo hapo linalisukuma jicho lione ukijani sehemu nyingine za uso. Ni lipi litashinda? Inategemea ukali wa mwanga, kitambaa kinang'aa au kimefifia, shingo imefunikwa kwa kiasi gani, na ngozi yenyewe ina nini ndani yake. Hii ndiyo sababu hakuna gurudumu la rangi wala jedwali litakalokupa jibu kwa hesabu peke yake, hata liwe limechorwa kwa ustadi wa namna gani. Jibu hutoka kwenye kitambaa chenyewe kikiwekwa chini ya kidevu chenyewe, na mtu akatazama.

Rangi moja, sifa tatu

Ili kutazama vizuri, tunahitaji lugha. Mwalimu wa sanaa wa Marekani, Albert Munsell, aliitoa mwaka 1905 alipopendekeza kwamba kila rangi ielezwe kwa sifa tatu. Ya kwanza ni aina yake: nyekundu, manjano, kijani, bluu, zambarau. Ya pili ni weupe au weusi wake: samawati ya asubuhi na bluu ya usiku ni aina moja, lakini moja iko karibu na nyeupe na nyingine iko karibu na nyeusi. Ya tatu ni ukolevu, yaani rangi ni safi na kali kiasi gani, au imepoa kiasi gani kwa kuingiwa na kijivu.

Karibu kila ushauri wa rangi za nguo unaosikika, uwe mzuri au mbovu, ni sifa hizi tatu zikivaa majina mbalimbali.

Joto na baridi viko ndani ya sifa ya kwanza. Nyekundu iliyoingiwa na umanjano, ile inayoelekea matofali au kutu, huitwa ya joto. Nyekundu iliyoingiwa na ubluu, ile inayoelekea damu ya mzee, huitwa ya baridi. Kijani cha zeituni ni cha joto. Kijani cha zumaridi kimeegemea baridi. Hata nyeupe ina pande mbili: ile kama theluji na ile kama maziwa yaliyotulia. Kwa hiyo mtu anayesema "mimi kijani kinanikataa" bado hajasema lolote. Kijani kipi?

Nami nilikuwa nikisema hivyo hivyo. Kwa miaka mingi sikununua nguo ya kijani, kwa sababu shati moja la kijani kikali lilinifanya nionekane kama mtu aliyetoka kuugua homa. Siku nilipoazimwa koti la kijani kilichopoa, chenye kijivu ndani yake, nilijitazama kwenye kioo nikaona macho yangu kabla sijaliona koti. Aina ya rangi haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye ukolevu.

Ngozi ina nini ndani yake

Rangi ya ngozi hutokana na vitu vichache. Kikubwa ni melanini, ambayo iko ya namna mbili: moja ya kahawia inayoelekea weusi, na nyingine ya wekundu unaoelekea manjano. Kuna damu, ambayo himoglobini yake hung'aa wekundu ikiwa imebeba hewa safi na hugeuka nyekundu iliyoiva ikiwa imeitua. Kuna pia karotini, inayochangia umanjano. Vitu hivi vimepangana katika tabaka, mwanga unapita humo, unasambaa, unarudi. Uwiano wake ndio unaozaa kile ambacho wachambuzi wa rangi hukiita toni ya chini ya ngozi.

Hapa pana kosa ambalo ningependa lizikwe kabisa: kudhani kwamba weusi wa ngozi ni jibu la swali la joto na baridi. Sivyo. Weusi ni kina cha rangi, basi. Watu wawili wa maji ya kunde wanaweza kusimama bega kwa bega, mmoja akiwa na umanjano wa dhahabu na mwingine akiwa na uwaridi. Watu wawili weusi tii wanaweza kuwa hivyo hivyo: mmoja ngozi yake ina mng'ao wa shaba juani, mwingine ina kivuli cha bluu. Ukiwapa wote wawili ushauri mmoja kwa sababu tu "ni weusi", umemkosea angalau mmoja wao.

Kuna jaribio linalosambazwa kila mahali: tazama mishipa ya damu kwenye kifundo cha mkono, ikiwa ya bluu wewe ni baridi, ikiwa ya kijani wewe ni joto. Nashauri uliache. Damu iliyo ndani ya mishipa ile si ya bluu hata kidogo. Wanasayansi waliopima mwanga unaorudi kutoka kwenye ngozi iliyo juu ya mshipa wamekuta kwamba hata hapo wekundu unaorudi ni mwingi kuliko ubluu. Ila wekundu huo ni mdogo kuliko wa ngozi inayouzunguka, na jicho, likipima jirani na jirani, linaamua kuita bluu. Ni kisa kile kile cha nyuzi nyeusi za Gobelins. Kwa hiyo unapojaribu kujua rangi ya ngozi yako kwa kutazama mshipa, unatumia kiinimacho kukupa kipimo. Isitoshe, kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi mishipa hiyo haionekani vizuri, na wanaachwa na jaribio lisilosema kitu.

Jaribio la dhahabu na fedha lina afadhali, mradi uwe mwangalifu. Vito vinang'aa, na mng'ao huvutia jicho hata pale ambapo rangi haifai. Kitambaa cha rangi ya dhahabu iliyofifia na kitambaa cha kijivu cha fedha vitakuambia ukweli zaidi kuliko mkufu.

Tena, watu wengi hawako upande wowote kwa ukali. Wako katikati, wakiegemea kidogo. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kuchagua joto au baridi atahangaika miaka, ilhali shida yake iko kwingine.

Umbali kati ya nywele, macho na ngozi

Piga picha ya uso wako, kisha iondolee rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Sasa aina za rangi zimetoweka na kilichobaki ni kina tu. Tazama umbali uliopo kati ya nywele na ngozi, kati ya ngozi na mboni, kati ya mboni na weupe wa jicho. Kwa mwingine umbali huo ni mkubwa: nywele nyeusi kama mkaa juu ya ngozi nyeupe, au ngozi nyeusi tii yenye weupe wa macho na meno unaochomoza. Kwa mwingine kila kitu kimekaribiana: ngozi ya kahawia, nywele za kahawia, mboni za kahawia, kama ngazi yenye vidato vifupi.

Mwenye umbali mkubwa huvaa nyeusi na nyeupe kwa pamoja, au rangi mbili zinazopishana sana, na uso wake unabaki umesimama. Mwenye umbali mdogo akivaa hivyo, jicho la mtazamaji linakwenda kwenye mpaka wa nyeusi na nyeupe kifuani na kuuacha uso. Yeye humpendeza zaidi mpangilio wa rangi zilizokaribiana, kahawia juu ya maziwa, bluu iliyoiva juu ya samawati. Jaribio hili la picha isiyo na rangi ni rahisi, halidanganyi sana, na nashangaa kwa nini halipewi nafasi kubwa kuliko habari za mishipa.

Kisha ukolevu. Ukinilazimisha nichague sifa moja tu kati ya zote tatu, nitachagua hii. Kuna nyuso zinazodai rangi safi na kali. Ukizivisha rangi iliyopoa zinachakaa, kama vumbi limetua juu yake. Na kuna nyuso laini ambazo rangi kali huzimeza, shati likaingia chumbani kabla ya mwenyewe. Namna ya kujua ni hii: mtazamaji afumbe macho, wewe uweke kitambaa chini ya kidevu chako, kisha afumbue ghafla. Kilichoonekana kwanza ni nini? Kama ni macho yako, rangi imekukubali. Kama ni kitambaa, rangi imekuzidi nguvu. Na kama ni vivuli chini ya macho na mikunjo kando ya mdomo, hiyo imekukataa waziwazi.

Majira manne yalitoka wapi

Mchoraji Mswisi Johannes Itten, aliyefundisha katika shule ya Bauhaus nchini Ujerumani kuanzia 1919 hadi 1923, aliona jambo darasani. Wanafunzi wakiachwa wachague rangi wanazoona zinapatana, hawakuchagua zile zile. Kila mmoja alikuwa na zake, na mara nyingi rangi hizo zilielekeana na nywele, macho na ngozi ya aliyezichagua. Alieleza habari hiyo katika kitabu chake cha 1961, na alipenda pia kuzungumzia rangi kwa sura ya majira ya mwaka. Baadaye, nchini Marekani, Suzanne Caygill aliyahamishia majira hayo kwenye watu na mavazi, na mwaka 1980 Carole Jackson akatoa kitabu kilichouzwa kwa mamilioni, kilichogawa watu wote katika makundi manne. Miaka ya karibuni Korea Kusini imeyafufua kwa nguvu mpya, na kutoka huko yamerudi kusambaa duniani kupitia video fupi.

Makundi yenyewe ni haya: Machipuko ni rangi joto, nyepesi na safi. Kiangazi ni rangi baridi, nyepesi na zilizopoa. Vuli ni joto, nzito na zilizopoa. Kipupwe ni baridi, nzito na kali. Baadaye kila kundi likagawanywa mara tatu kulingana na sifa inayotawala, yakawa 12, na wengine wameyafikisha 16.

Majina haya yanamchanganya msomaji wa Kiswahili kuliko yanavyomsaidia. Kiangazi kwetu ni jua kali na ardhi iliyokauka; katika mfumo huu kiangazi ni samawati na kijivu, rangi baridi tupu. Vuli katika lugha yetu ni mvua. Humo ni majani yanayogeuka kutu na kudondoka. Mfumo ulizaliwa kwenye nchi zenye miaka ya sehemu nne na ukabeba mandhari zake. Ukikutana na majina hayo, yatafsiri haraka kwa sifa tatu za Munsell, kisha yasahau. Anayekuambia "wewe ni Vuli" amekuambia: rangi zenye umanjano ndani, zenye kina, zisizo kali. Hilo linatosha.

Kuna jambo zito zaidi. Vitabu vya mwanzo viliwapanga karibu watu wote weusi, pamoja na wengi wa Asia, katika kundi la Kipupwe. Hoja ilikuwa nyepesi: nywele nyeusi, macho meusi, basi. Ni kosa lile lile la kuchukua kina na kukiita joto au baridi, na limewavisha watu wengi bluu kali na nyeusi tupu huku ngozi zao za shaba zikilia kutaka kutu, zeituni na kahawia iliyoiva. Halikuwa kosa la vitabu hivyo pekee. Kwa miongo kadhaa kadi zilizotumiwa na maabara kupimia rangi za picha zilikuwa na sura ya mwanamke mweupe, na ngozi nyeusi zikatoka pichani zikiwa hazina tofauti wala uhai. Mambo yamebadilika kiasi: mwaka 2012 kampuni ya Pantone ilitoa kitabu cha sampuli 110 za rangi za ngozi, na mwaka 2022 Google ilitangaza kipimo cha rangi 10 kilichotengenezwa na mwanasosholojia Ellis Monk ili kuwakilisha ngozi nyingi zaidi. Hata hivyo, vipimo hivyo hupima sana kina. Swali la kama shaba au bluu ndiyo iliyolala chini ya weusi bado linajibiwa kwa kitambaa na jicho.

Kwa mwenye ngozi nyeusi sana ningeongeza hili. Mng'ao wa ngozi yako, kwenye paji la uso, mashavu na mfupa wa shingo, huonekana zaidi kuliko kwa mtu mweupe, kwa sababu unasimama juu ya kina. Mng'ao huo unabeba rangi ya mwanga na ya kitambaa. Kwa hiyo unapojaribu vitambaa, usitazame ngozi kwa jumla tu. Tazama sehemu zinazong'aa. Rangi inayokukubali huuacha mng'ao ukiwa safi na laini. Inayokukataa huugeuza kijivu, kama majivu.

Mwanga, na uongo wa kamera

Rangi ya mwanga hupimwa kwa kelvini: namba ikiwa ndogo mwanga ni wa manjano, ikiwa kubwa unaelekea ubluu. Balbu ya manjano ya nyumbani hutoa mwanga wa takriban kelvini 2700. Mwanga wa mchana ni kati ya 5500 na 6500 hivi. Chini ya balbu hiyo kila mtu ana joto, na nyeupe ya theluji inageuka maziwa. Tena kuna vitambaa viwili vinavyofanana kabisa chini ya taa moja na kutofautiana ukitoka nje, kwa sababu vimetiwa dawa tofauti zinazorudisha mwanga kwa namna tofauti. Jaribio lolote lililofanywa usiku lirudiwe mchana, karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja.

Kamera ya simu ndiyo hatari kubwa zaidi, kwa sababu inaonekana kama shahidi. Imefundishwa kusawazisha rangi yenyewe. Ukiweka kitambaa chekundu mbele yake, huona picha imeelemea wekundu na kuupunguza, na uso wako unageuka. Weka cha bluu, nayo inafanya kinyume chake. Ukizilinganisha picha hizo mbili unalinganisha maamuzi mawili ya simu, si rangi mbili juu ya ngozi yako. Kama huna budi kutumia picha, weka vitambaa vyote viwili kwenye picha moja, kimoja bega la kulia na kingine la kushoto, au funga mpangilio wa mwanga na rangi usibadilike.

Programu zinazobandika duara la rangi kuzunguka uso wako zina upungufu mwingine. Rangi ya kioo cha simu haikuangazii shingoni. Zinakuonyesha lile jambo la kwanza, la jicho kulinganisha majirani, na kuliacha kabisa la pili, la kitambaa kumwaga rangi yake kwenye ngozi. Ni nusu ya habari.

Kujaribu nyumbani

Ondoa vipodozi. Kama nywele zako zimetiwa rangi, zifunge kwa kitambaa cheupe au kijivu. Rangi ya kutia ni jirani mwingine atakayeingilia kesi. Vaa nguo ya kijivu au nyeupe, kaa ukitazama dirisha, na ukuta wa nyuma usiwe na rangi ya kelele. Mwite ndugu au rafiki asiye na haraka, maana jicho lako limezoea uso wako mno.

Kisha jaribu vitambaa kwa jozi, kamwe usijaribu kimoja kimoja. Nyeupe tupu na ya maziwa. Nyeusi na kahawia nzito. Damu ya mzee na kutu. Waridi inayoelekea zambarau na waridi inayoelekea chungwa. Halafu jozi za ukolevu, ambazo watu huzisahau: bluu kali na bluu iliyopoa, kijani kikali na kijani cha majivu. Badilisha haraka, sekunde mbili tatu kila kimoja, kwa sababu jicho likikaa juu ya rangi moja huizoea na kuacha kuiona. Likichoka, litazame kijivu kwa muda.

Mtazamaji asiulizwe "kipi kizuri?" Atajibu kuhusu kitambaa anachokipenda. Aulizwe: mstari wa taya umejichora au umeyeyuka? Vivuli chini ya macho vimeongezeka? Ngozi ina rangi moja au mabaka yamejitokeza? Weupe wa macho umekuwa mweupe zaidi au umeingiwa na umanjano? Haya ni maswali yenye majibu.

Je, kuna ushahidi wowote nje ya jicho la mchambuzi? Upo, lakini ni mdogo. Mwaka 2021 David Perrett na Reiner Sprengelmeyer wa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti, waliwaonyesha watu nyuso 12 za wanawake weupe, 6 zenye ngozi iliyofifia na 6 zilizoiva kwa jua, na kuwaomba wachague rangi ya nguo inayofaa kila uso. Bluu na nyekundu zilipendwa kwa jumla, lakini watu waliegemea bluu baridi kwa ngozi zilizofifia na nyekundu inayoelekea chungwa kwa ngozi zilizoiva. Hiyo inaonyesha kwamba macho ya watu wengi yanakubaliana kwa kiasi fulani. Haionyeshi kwamba wanadamu wako makundi 12. Ngozi zinapishana taratibu, hatua kwa hatua, na mipaka ya makundi imekatwa na watu. Ndiyo maana wachambuzi wawili wanaweza kukupa majina mawili tofauti, na wote wakawa wametazama vizuri: unakaa karibu na mpaka.

Rangi iliyokukataa haina haja ya kutolewa kabatini. Nguvu yake yote iko karibu na uso. Ishushe iwe suruali, sketi, viatu au mkoba, na haitakuwa na la kufanya na kidevu chako. Kama ni shati unalolipenda, fungua kola ili ngozi ipate nafasi, au weka skafu ya rangi inayokukubali katikati ya shati na uso. Nyeusi ndiyo ninayoitaja mara nyingi hapa, kwa sababu watu huambiwa inamfaa kila mtu. Haimfai kila mtu. Inachimba vivuli, na mwenye uso laini wenye umbali mdogo atapata heshima ile ile kwa bluu ya usiku, kahawia nzito au kijivu cha mkaa.

Rudia jaribio mwili unapobadilika. Mvi zinapoingia, umbali kati ya nywele na ngozi hubadilika: kwa mtu mweupe mara nyingi unapungua, kwa mtu mweusi unaweza kuongezeka sana, kichwa cha fedha juu ya ngozi nyeusi. Wa kwanza huenda akaanza kuona nyekundu yake ya zamani inamzidi. Wa pili huenda akagundua kwamba nyeupe tupu, iliyomkataa akiwa kijana, sasa inakaa juu yake kama iliyokatwa kwa ajili yake.